Lami Mchana, Matope Jioni: Kuchagua Pikipiki ya Safari kwa Barabara za Uganda

Ukitoka Kampala kupitia Mbale na Soroti hadi Moroto, lami inakufikisha. Kipande hicho pikipiki yoyote nzima inakimaliza, hata Boxer ya boda, mradi kiuno chako kivumilie. Kazi inaanza ukiipa Moroto kisogo kuelekea Kotido na Kaabong: moramu iliyojikunja kama bati, mito ya mchanga isiyo na daraja, na mvua ikishuka, udongo mweusi unaojaza madigadi hadi gurudumu linagoma kuzunguka. Wanunuzi wengi huchagua kwa kufikiria lami, kwa kuwa lami ndiyo ndefu. Lakini hakuna aliyekwama kwenye lami kwa sababu pikipiki yake ilikuwa nyepesi mno. Chagua kwa zile kilomita kumi mbaya kuliko zote katika safari zako, halafu jiulize kama pikipiki hiyo hiyo itakubeba kwenye lami bila kukuchosha. Ukianzia upande wa pili, utanunua kitu kizuri cha kuegesha mbele ya hoteli.

Anza na karatasi, duka baadaye

Andika safari nne au tano unazokusudia kufanya mwaka huu. Kwa kila moja weka kilomita za lami, kilomita za moramu, kipande kibaya kabisa na mwezi utakaokipita, na umbali kati ya vituo vya mafuta unavyoviamini. Mwezi si jambo dogo. Kusini na kati, mvua huja Machi hadi Mei na kurudi Septemba hadi Novemba. Karamoja, yaani eneo la Moroto, Kotido na Kaabong, msimu ni mmoja mrefu, unaoanza kama Aprili. Njia ya milimani kutoka Kabale kwenda Ruhija mwezi wa Julai ni vumbi. Aprili ni sabuni.

Andika pia utambeba nani. Abiria wa kilo 65 pamoja na begi lake huishusha shokapu ya nyuma, hurefusha breki, na huwafanya farasi 24 wa injini ndogo wahesabike mmoja mmoja kwenye milima ya Kigezi. Ikiwa karatasi inaonyesha sehemu tisa kati ya kumi ni lami na abiria yupo kila safari, sema ukweli ununue ya barabarani yenye miguu mirefu kidogo, kama Suzuki V-Strom 650, uache kutafuta mashine ya matope. Maelezo yanayofuata ni ya yule ambaye karatasi yake imechanganyika.

Uzito ndio utakaokuhukumu

Linganisha uzito wa pikipiki zikiwa na mafuta na oili ndani. Takwimu ya “kavu” ni ya tangazo. Honda CRF300L ni kilo 142. Suzuki DR650 ni 166. Royal Enfield Himalayan ya 411 ni 199, yaani injini ndogo iliyovaa koti zito. Yamaha Ténéré 700 ni kama 204, Honda Africa Twin ya 1100 huanzia 226, na BMW R1250GS ni 249. Juu ya hizo weka mifuko na vifaa kilo 20 hadi 30, maji lita tano, na mafuta ya ziada kwa hesabu ya robo tatu ya kilo kwa kila lita.

Tofauti ya kilo 60 huisikii ukiwa kwenye mwendo. Utaisikia pale gurudumu la mbele linapoteleza ndani ya mfereji uliochimbwa na matairi ya malori, pikipiki inalala upande, na uko peke yako. Kwa hiyo kabla ya kulipa, mwombe muuzaji akuruhusu uilaze kwenye nyasi au juu ya tairi kuukuu, kisha uinyanyue mwenyewe:

1. Zima injini. Ikiwa imelalia upande wa kulia, toa stendi ya pembeni kwanza ili isiangukie upande wa pili ukishainyanyua.
2. Weka gia ya kwanza ili magurudumu yasitembee.
3. Geuza usukani mpaka mwisho kuelekea upande ilikolalia.
4. Ipe mgongo, chuchumaa, egemeza makalio kwenye ukingo wa kiti. Mkono mmoja ushike mpini ulio chini, mwingine ushike fremu au keria.
5. Sukuma kwa miguu, hatua fupi fupi za kurudi nyuma, mgongo ukiwa umenyooka.

Ukiweza mara tatu mfululizo bila kutweta, hiyo ni yako. Ukiweza mara moja tu, jua kwamba kwenye matope utaangusha zaidi ya mara moja kwa siku, na mara ya nne utakuwa unasubiri wapita njia. Wapita njia watakuja, Uganda hii haina barabara tupu, ila pikipiki ya safari isitegemee mikono ya watu kila kilomita mbili.

Kimo cha kiti huenda pamoja na uzito. CRF300L ina kiti cha milimita 880 lakini ni laini, ukikaa inashuka sana. Ténéré ina 875 na haishuki hivyo. Himalayan ya 411 ina 800, na ndiyo sababu watu wafupi wanaipenda licha ya uzito wake. Huhitaji nyayo zote mbili zikanyage chini. Unyayo mmoja mzima, huku kalio likisogea pembeni kidogo, unatosha kwenye moramu. Kwenye matope ya mteremko, kiti kirefu na mzigo juu vinafanya mguu ufike chini umechelewa.

Injini: kasi hutaitumia

Hesabu matuta kati ya Kampala na Masaka, kisha uniambie utakimbiza wapi farasi 100. Kila kijiji cha biashara kina matuta, ng'ombe, na matatu inayosimama bila taarifa. Mwendo halisi wa safari nchini ni kilomita 80 hadi 100 kwa saa. Nguvu unayoihitaji ni ile ya kulipita lori la mizigo kwenye barabara ya Gulu haraka, ukiwa na mzigo, kabla basi la mbele halijafika.

Kwa mtu mmoja na mizigo, silinda moja ya sisi (cc, ukubwa wa injini) 250 hadi 300 inafanya kazi hiyo ukikubali kupanga kulipita gari mapema. Sisi 400 hadi 650 inafanya bila kufikiri. Silinda mbili za 700 kwenda juu ni raha ya lami na abiria, na ni mzigo kila mahali pengine. Mtetemo nao uhesabu: 650 ya silinda moja kwa saa sita mfululizo hufisha ganzi vidole na hulegeza nati.

Kabla ya kuikataa pikipiki kwa sababu gia ya kwanza inakimbia mno kwenye mawe, angalia sproketi. DR650 hutoka kiwandani na meno 15 mbele na 42 nyuma. Ukiweka 14 mbele, gia zote zinafupika kwa karibu asilimia 7, sawa na kuongeza meno matatu nyuma, kwa gharama ndogo zaidi. Ubaya wake ni kwamba kwenye lami injini itazunguka haraka zaidi na kula mafuta kidogo zaidi. Wapo wanaobeba sproketi zote mbili na kubadilisha Moroto, kazi ya dakika ishirini.

Injini ya kupozwa kwa hewa haina rejeta ya kutobolewa na jiwe, na hilo kwa vijijini lina thamani. Ya kupozwa kwa maji hudumu vizuri kwenye foleni ya Kampala na kwenye mchanga wa polepole, lakini inunulie kinga ya rejeta siku hiyo hiyo. Pikipiki ikianguka upande wa rejeta, bomba likipinda, safari imeisha.

Magurudumu, na lile tope lililotajwa mwanzo

Mbele tafuta inchi 21. Duara kubwa hupanda jiwe na kingo za shimo ambazo inchi 19 huzigonga. Inchi 19 inafaa kwa anayebaki kwenye moramu nzuri, na kwenye lami inageuka kwa wepesi zaidi. Inchi 17 mbele ni ya mjini, hata muuzaji akiiita jina gani. Nyuma ni 17 au 18.

Rimu ziwe za spoku. Rimu ya kumwaga, ya kipande kimoja isiyo na spoku, ikigonga shimo lenye kingo hupasuka, na hakuna fundi wa kijijini atakayeirudisha. Ya spoku hupinda, na kila mji una fundi wa baiskeli au boda anayejua kukaza spoku na kuinyoosha hadi iweze kutembea. Tairi la tyubu lina udhia wake, lakini tyubu ni kitu ambacho kila banda la pancha kati ya Kisoro na Kitgum linakielewa.

Tatizo ni saizi. Mabanda hayo yana tyubu za boda, nyingi za inchi 17. Ya inchi 21 hutaikuta. Beba tyubu yako ya 21, nzito kidogo kuliko ya kawaida. Ikibidi, hiyo ya 21 unaweza kuikunja ndani ya tairi la nyuma la 17 au 18 ikakufikisha mjini kwa mwendo wa pole. Kuibana ya 17 kwenye 21 usijaribu, itavutika na kupasuka.

Upepo wa tairi ndio marekebisho ya bure kuliko yote, na wengi hawayafanyi. Kwa pikipiki ya kilo 200 yenye mzigo, weka psi 32 hadi 36 kwenye lami, 24 hadi 26 kwenye moramu, na kama 20 kwenye mchanga au matope. Kwa 250 nyepesi anza 28, shuka hadi 20, na mchangani 16. Ukishuka chini ya hapo kwa tairi la tyubu, jiwe litaibana tyubu kwenye ukingo wa rimu na kuacha matundu mawili yaliyo sambamba, kama kaumwa na nyoka. Ukirudi lami, jaza tena kabla ya kukimbia: tairi laini kwa kasi hupata joto na kuchanika. Hivyo pampu ndogo na kipimo cha upepo si anasa.

Sasa madigadi. Tazama pikipiki kwa ubavu na upime kwa vidole nafasi kati ya tairi la mbele na madigadi iliyo juu yake. Pikipiki nyingi zinazouzwa kwa jina la “adventure” zina madigadi ya chini, imekumbatia tairi, na nafasi ni vidole viwili. Udongo mweusi wa mbugani ukilowa unanata kwenye tairi, unabeba nyasi na kokoto, unaingia hapo na kujipakia kama saruji. Kwanza usukani unakuwa mzito, kisha gurudumu linasimama huku la nyuma likiendelea kusukuma, na unaanguka kwa mwendo wa mtu anayetembea. Ukilazimisha, klachi inaungua, utaisikia harufu. Suluhisho ni madigadi ya juu, iliyofungwa chini ya taa, kama ya CRF au DR. Ikiwa uliyoipenda ina ya chini, hakikisha bolti zake zinafunguka kwa spana moja, ili ikibidi uitoe na kuifunga juu ya mzigo. Nyuma nako angalia cheni na suingamu, ule mkono wa chuma unaoshika gurudumu la nyuma: sehemu ile ile ya kujaa tope.

Tangi

Hesabu ni fupi. Lita za tangi zidisha kwa kilomita kwa lita, kisha toa robo, kwa sababu mchanga na gia ya pili vinakunywa. CRF300L ina lita 7.8: kwa kilomita 30 kwa lita ni 234, toa robo, unabaki na kama 175. Hiyo haitoshi kwa Karamoja bila galoni. Ndugu yake, CRF300 Rally, ina lita 12.8, na Himalayan ya 411 ina 15. DR650 ina 13, wengi huibadilishia tangi. Lengo liwe kilomita 300 za uhakika. Mafuta ya chupa yapo karibu kila kituo cha biashara, lakini yana maji au vumbi mara nyingi kiasi cha kukufanya umimine kupitia kitambaa safi, na kuacha kidole kimoja cha mwisho kwenye chupa.

Nani ataitengeneza?

Hapa ndipo swali la kabureta au injekta linapoingia. Kabureta fundi yeyote wa boda anaifungua: anatoa bakuli la chini, anapuliza jeti, anarudisha, umeondoka. Ukipanda kutoka Kampala, mita kama 1,200, hadi Kapchorwa au Kabale, itakuwa na mafuta mengi kuliko hewa na kuvuta kwa uvivu kidogo, haidhuru. Injekta hujirekebisha yenyewe kwa mwinuko na hutumia mafuta kidogo, lakini pampu yake iliyo ndani ya tangi haipendi uchafu, na betri ikifa kabisa, kuisukuma kwenye mteremko mara nyingi hakuiwashi kwa sababu pampu haina umeme. Injekta mpya iliyotunzwa ni ya kuaminika kuliko kabureta iliyochezewa. Nunua injekta, ila beba chujio la mafuta la ziada, na usiruhusu betri ichakae hadi miaka minne.

Spea za boda zimejaa kila mahali. Spea za pikipiki za safari hazipo ila Kampala, na nyingine huagizwa nje kwa wiki kadhaa. Kabla ya kulipia chochote, zunguka na orodha hii na uulize bei na upatikanaji: pedi za breki, nyaya za klachi na mafuta, leva za klachi na breki, cheni na sproketi, chujio la oili, sili za shokapu za mbele, beringi za magurudumu. Visipopatikana zaidi ya vitatu kati ya hivyo, tenga bajeti ya kuviagiza pamoja na pikipiki. Beringi zina afueni: namba iliyochorwa ubavuni ni ya kimataifa, na 6203 ya duka la pampu ni 6203 hiyo hiyo, mradi ina sili pande zote mbili.

Zile zinazostahili kuangaliwa

Za mtumba kutoka Japani ndizo zinazopewa heshima ndogo kuliko zinavyostahili. Suzuki Djebel 250XC ina tangi la lita 17 na injini ya kupozwa kwa hewa na oili. Honda XR250 Baja ina lita 14 na taa mbili kubwa za mbele. Yamaha Serow ni ndogo, fupi, na haichoki, ila kwenye lami ndefu inaomba subira. Kwa mtu wa kwanza kununua, hizi zinafundisha zaidi na zinaumiza mfuko kidogo.

DR650 ni chaguo la anayesafiri peke yake na kupenda urahisi. Udhaifu wake unajulikana: skrubu mbili za swichi ya nyutro, nyuma ya klachi, hulegea na kuangukia ndani ya injini. Zifungwe kwa gundi ya nati na waya kabla ya safari yoyote ndefu. Kawasaki KLR650 za zamani zina tangi la lita 23 na leva ya kukazia cheni ya balansa (kizito cha ndani ya injini kinachopunguza mtetemo), leva ambayo huvunjika. Uliza kama imebadilishwa, na asiyejua unachouliza hajabadilisha.

Himalayan ya 411 ni ya mtu asiye na haraka. Beringi zake za shingo ya usukani huhitaji kukaguliwa na kupakwa grisi mapema. CRF300L ni bora kwa kipande kibaya, lakini shokapu yake ya nyuma ni laini mno kwa mzigo. Weka pesa ya springi ngumu kwenye hesabu ya kununua. Ténéré 700 ndiyo inayokaribia kufanya yote, kwa mtu mwenye nguvu za kuinyanyua na mfuko wa kuitunza. Africa Twin na GS kubwa ni za wawili kwenye lami, na moramu kavu ya kawaida zinaimudu. Matope tusidanganyane.

Na usizidharau Yamaha AG100 na DT125 za maafisa wa kilimo na mashirika. Zinapouzwa kwa mnada, baadhi zina maisha mengi bado. Haziendi mbali kwa siku moja, lakini hazikwami.

Kukagua iliyotumika

Mpigie muuzaji umwambie asiiwashe mpaka ufike. Ukifika, gusa injini. Ikiwa moto, ameificha shida ya kuwaka asubuhi. Rudi kesho.

Iwashe baridi. Moshi mweupe mwembamba unaopotea ni mvuke. Wa buluu unaoendelea ni oili inayoungua, yaani pete au sili za valvu. Mweusi ni mafuta mengi au chujio la hewa lililoziba. Fungua chujio la hewa uone mwenyewe. Ukikuta vumbi jekundu upande wa ndani, ule wa kuelekea injini, ondoka: silinda imekula mchanga, na hakuna bei ya kuirudisha kuwa nzuri.

Inua gurudumu la mbele hewani. Geuza usukani polepole kutoka kushoto hadi kulia. Usukani ukikamata katikati kana kwamba kuna kijishimo, beringi za shingo zimekufa. Shika miguu ya shokapu chini, ivute mbele na nyuma. Mchezo wowote ni beringi hizo hizo. Futa mirija ya shokapu kwa kitambaa cheupe, bana breki ya mbele, ikandamize mara kumi, futa tena. Oili kwenye kitambaa maana yake sili.

Nyuma, shika suingamu na uisukume kwa pembeni. Kisha ivute cheni kutoka kwenye sproketi ya nyuma, pale katikati ya mviringo wake wa nyuma: ikiacha nafasi ya zaidi ya nusu ya jino, cheni na sproketi zote hubadilishwa pamoja. Gonga spoku moja moja kwa spana ndogo. Zilizokaza hulia kwa sauti inayofanana. Iliyolegea inatoa sauti ya bati, na tatu mfululizo zenye sauti hiyo ni dalili ya rimu iliyopigwa shimo.

Tazama chini ya injini kwa mikwaruzo na nyufa, na fremu pale inapokutana na keria, ambapo rangi iliyopasuka mstari huficha chuma kilichochanika. Mwisho, soma namba ya chesisi shingoni na namba ya injini, uzilinganishe na kadi herufi kwa herufi. Ikiwa namba imesagwa au rangi yake ni mpya pale tu, hakuna mazungumzo tena.

Karatasi

Leseni yako iwe na daraja A, na bima ya mtu wa tatu iwe hai. Ukiagiza kutoka nje, kodi ya kuingiza URA, mamlaka ya mapato ya Uganda, huikokotoa juu ya thamani pamoja na bima na usafirishaji, si juu ya bei ya mnada peke yake, hapo ndipo bajeti nyingi hufia. Kwa safari za nje, Kadi ya Njano ya COMESA huongeza bima yako hadi Kenya, Rwanda, Tanzania na kwingineko. Ukivuka Katuna kuingia Rwanda unahamia upande wa kulia wa barabara. Kilomita ya kwanza ipite polepole.

Pesa zilizobaki, kwa mpangilio

Tairi kwanza. Kisha kinga za mikono zenye chuma ndani, kwa sababu leva iliyovunjika ni ajali ya sekunde moja na nusu siku ya kutembea. Kisha kinga ya chini ya injini, ya alumini au chuma. Ya plastiki inazuia tope tu. Kisha springi.

Springi pima hivi. Pikipiki ikiwa imenyanyuliwa na shokapu zimenyooka, pima kutoka ekseli ya nyuma hadi alama kwenye madigadi. Kisha kaa juu na mavazi yako ya safari na mizigo, rafiki apime tena. Tofauti iwe karibu theluthi ya mwendo wote wa shokapu. Kwa mwendo wa milimita 260, ishuke kama 75 hadi 85. Ikizidi hata baada ya kukaza, springi ni laini kwako.

Mifuko laini ya pembeni inashinda masanduku ya alumini nje ya lami. Sanduku linabana mguu ukianguka, na uzito wake hutikisa keria kwenye barabara ya bati mpaka chuma kichanike. Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kukutengenezea keria ya bomba kwa kipimo. Waambie waweke kipande cha kuunganisha pande mbili kwa nyuma, na bolti zote zipate gundi ya nati ya bluu. Nzito chini na mbele, nyepesi juu na nyuma. Galoni la mafuta nyuma kabisa ya keria ndilo linalovunja fremu.

Halafu, kabla ya Kidepo au Bwindi, ipakie mzigo wote ufanye safari ya majaribio kwa moramu, kilomita 200 kwenda na kurudi. Ukirudi, pitia kila nati kwa spana, kaza spoku zilizolegea, angalia cheni ukiwa umekaa juu ya pikipiki, na uandike kwenye mkanda uliobandikwa ndani ya kiti saizi ya kila spana uliyoitumia. Hizo ndizo spana za kubeba, zilizobaki zibaki nyumbani.